Mashine za kung'arisha mawe

Mashine za kung'arisha mawe ni vyombo vinavyosugua vipande vingi vya mawe kwa wakati mmoja, pamoja na maji na unga wa msasa, hadi uso wake uwe laini na wenye kung'aa. Ziko za aina mbili kuu. *Mashine ya mzunguko* ina pipa dogo linalolala ubavu na kuzungushwa polepole; mawe hupanda ukutani mwa pipa na kuporomoka tena. *Mashine ya mtetemo* ina bakuli linalotetemeshwa kwa kasi. Mawe husuguana yakiwa yamebanana, bila kuanguka.

Aina zote mbili hutoa mawe yanayong'aa, lakini hazifanyi kazi ileile. Mashine ya mzunguko hubadilisha umbo la jiwe: huondoa ncha na kulifanya liwe la mviringo, kwa muda wa wiki nne au zaidi. Mashine ya mtetemo huliacha umbo karibu kama lilivyokuwa, na huweza kumaliza kazi kwa siku chache hadi wiki mbili. Kwa hiyo mtu anayechagua kati yake huanza kwa kujiuliza kama anataka umbo la mawe yake libadilike. Bei na kasi huja baadaye. Kosa katika uchaguzi huo halirekebishiki, kwa sababu jiwe lililosagwa mno au kupasuka halirudi kuwa kama mwanzo.

## Asili

Mawe husuguana na kulainika hata bila mashine. Mawe ya mtoni hupoteza ncha zake yanapobebwa na maji na kugongana, na kokoto za pwani hulainishwa na mawimbi pamoja na mchanga. Kazi hiyo huchukua miaka mingi. Tena kokoto inayopendeza ikiwa imelowa huonekana imefifia ikikauka, kwa sababu mchanga huondoa ncha lakini huacha mikwaruzo midogo isiyohesabika juu ya jiwe.

Mafundi wa zamani waliiga njia hiyo kwa mikono. Katika mji wa Khambhat, magharibi mwa Uhindi, watengenezaji wa shanga za akiki walizitia shanga katika mfuko wa ngozi pamoja na unga wa kusugulia na maji, kisha wakauviringisha mfuko huku na huko kwa siku nyingi. Shanga za akiki kutoka Uhindi ziliuzwa katika biashara ya Bahari ya Hindi, na zimepatikana katika magofu ya miji ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki. Mfuko huo ulifanya kazi kwa kanuni ileile ya pipa la leo.

Huko Idar-Oberstein, Ujerumani, mafundi walifuata njia nyingine. Walikandamiza jiwe moja moja kwenye magurudumu makubwa ya mawe ya mchanga yaliyozungushwa kwa nguvu ya maji ya mto. Gurudumu humpa fundi uwezo wa kuamua umbo la kila jiwe. Pipa halimpi uwezo huo, ila linasaga mawe mengi bila kusimamiwa.

Hatua kubwa ilipatikana miaka ya 1890, wakati Mmarekani Edward Goodrich Acheson alipotengeneza kabidi ya silikoni katika tanuri la umeme na kuipatia hataza mwaka 1893. Kemikali hiyo ngumu, iliyouzwa kwa jina la Carborundum, ndiyo unga wa kusagia unaotumika zaidi hadi leo. Katikati ya karne ya 20 mapipa madogo yenye mota yalienea Marekani kama chombo cha burudani cha nyumbani. Mashine za mtetemo zina undugu na zile za viwandani, ambazo huondoa ncha kali na kulainisha vipande vya chuma.

## Unga wa msasa na hatua za kazi

Unga unaotiwa katika mashine una namba kama karatasi ya msasa ya seremala. Namba ikiwa ndogo, chenga zake ni kubwa na hukata haraka. Namba ikiwa kubwa, chenga ni ndogo na hulainisha. Maandishi kama 60/90 yana maana kwamba mfuko una chenga za ukubwa mbalimbali kati ya namba 60 na namba 90.

Kila hatua huondoa mikwaruzo iliyoachwa na hatua iliyotangulia na kuacha mingine iliyo midogo zaidi. Kwa sababu hiyo hatua haziwezi kurukwa. Unga wa mwisho hauwezi kufuta mikwaruzo ya unga wa kwanza hata mashine ikiachwa ifanye kazi kwa mwezi mzima.

Hatua za kawaida katika mashine ya mzunguko ni nne:

* Kusaga: kabidi ya silikoni namba 60/90, kwa siku 7 au zaidi. Hapa ndipo umbo hubadilika.
* Kulainisha: namba 120/220, kwa takriban siku 7.
* Kutayarisha mng'aro: namba 500 au 600, kwa takriban siku 7.
* Kung'arisha: unga laini sana wa oksidi ya alumini au oksidi ya seri, kwa takriban siku 7.

Chenga za kabidi ya silikoni huvunjika kadiri zinavyosaga. Baada ya wiki moja, unga wa namba 60/90 uliotiwa mwanzoni umegeuka kuwa tope laini lisilokata tena. Ikiwa mawe bado yana mashimo au ncha, dawa ni kumwaga tope, kuosha na kutia unga mpya wa namba ileile. Kuongeza siku bila kubadilisha unga hakusaidii sana.

Kati ya hatua moja na nyingine, mawe, pipa na kifuniko huoshwa kabisa. Chenga moja ya namba 60 iliyojificha katika ufa wa jiwe au ukingoni mwa kifuniko hutosha kukwaruza mawe yote ya hatua ya mwisho. Watumiaji wengi hutenga pipa moja kwa ajili ya kung'arisha tu.

## Mashine ya mzunguko

### Muundo

Mashine ya mzunguko ni rahisi kuielewa. Mota ndogo huzungusha rola kwa mkanda, na pipa hulala juu ya rola mbili na kuzungushwa nazo. Mapipa ya nyumbani huchukua kuanzia chini ya kilo moja hadi kilo kadhaa za mawe. Pipa la mpira, au lenye bitana ya mpira, hupunguza kelele na hudumu kwa muda mrefu. Pipa la plastiki ni la bei nafuu, lakini kelele yake husikika chumba cha pili.

Pipa hujazwa mawe hadi theluthi mbili au robo tatu. Likiwa na mawe machache, yanaanguka kutoka juu na kugongana kwa nguvu. Likijaa mno, hayapati nafasi ya kusogea. Maji hutiwa hadi karibu na uso wa mawe, bila kuyafunika. Katika hatua ya kusaga, kipimo cha kawaida cha unga ni takriban vijiko viwili vya mezani kwa kila nusu kilo ya mawe.

Mawe ya ukubwa tofauti husagana vizuri kuliko mawe yaliyolingana, kwa sababu madogo huingia katika nafasi zilizo kati ya makubwa na kupeleka unga kila mahali. Pale ambapo mawe hayatoshi, hutiwa vigololi vya kauri au punje za plastiki. Hivyo hujaza pipa na kupunguza nguvu ya mapigo.

### Kasi

Pipa likizunguka polepole mno, mawe huteleza chini bila kuchanganyika. Likizunguka kwa kasi mno, mawe hung'ang'ania ukutani na kuzunguka nalo bila kusuguana. Kwa pipa lenye kipenyo cha sentimita 15, kikomo hicho cha pili hufikiwa kwenye mizunguko 109 hivi kwa dakika, hesabu inayotokana na nguvu ya mvutano wa Dunia na kipenyo cha pipa. Mashine hutengenezwa zizunguke chini sana ya kikomo hicho, ili mawe yapande kidogo na kuporomoka kama kifusi kwenye mteremko. Anayejitengenezea mashine yake kwa mota ya kifaa kingine hana budi kupunguza kasi kwa puli au gia.

### Matokeo

Katika poromoko hilo, kila ncha ya jiwe hugongwa na kusuguliwa kuliko sehemu bapa. Ncha huisha kwanza, na jiwe huelekea umbo la yai au mpira. Umbo hilo lina gharama yake. Kipande chenye umbo la mchemraba kikisagwa hadi kuwa mpira mkubwa kuliko yote unaoweza kutoka ndani yake, kitakuwa kimepoteza asilimia 48 ya ujazo wake. Mawe ya kawaida hayasagwi hadi kiwango hicho, lakini mfano unaonyesha ni kwa nini jiwe linalouzwa kwa uzito halipaswi kutiwa ndani ya pipa ovyo.

Faida ya mashine hii ni kwamba inaondoa mashimo, ganda la nje na kingo zilizovunjika, kazi ambayo mashine ya mtetemo huifanya kwa shida. Tena haihitaji uangalizi mkubwa. Ikishafungwa na kuhakikishwa haivuji, huachwa ifanye kazi kwa siku kadhaa.

## Mashine ya mtetemo

### Muundo

Mashine ya mtetemo ina bakuli lililowekwa juu ya springi. Chini yake kuna mota yenye uzito uliofungwa upande mmoja wa mhimili. Mota inapozunguka, uzito huo huvuta upande mmoja baada ya mwingine na kulitetemesha bakuli lote mara nyingi kwa dakika. Mawe yaliyomo hutembea taratibu: huzunguka bakuli na wakati huohuo hupinduka kutoka chini kwenda juu. Mwendo huo ukionekana, mashine imejazwa sawasawa. Mawe yakitetemeka mahali pamoja bila kutembea, bakuli lina mawe machache mno, mengi mno, au tope limekuwa zito.

Bakuli hujazwa zaidi kuliko pipa la mzunguko. Maji huwa kidogo, ya kulowesha mawe tu ili unga ushikamane nayo. Yakizidi, unga huzama chini na kuacha kufanya kazi.

### Hatua

Kwa kuwa mtetemo hausagi kwa nguvu, watumiaji wengi huanza na namba 120/220 au 220, wakaendelea na namba 500, pengine na namba 1000, kisha unga wa kung'arisha. Kila hatua huchukua kati ya siku moja na siku tatu hivi. Unga unaotumika ni mchache kuliko wa mashine ya mzunguko.

Hata hivyo mashine hii hudai uangalizi. Maji machache hukauka, na vumbi la mawe huongeza uzito wa tope. Huhitaji kuangaliwa angalau mara mbili kwa siku na kunyunyiziwa maji kidogo pale tope linapoonekana zito. Mtu anayesafiri kikazi au kushinda shambani kutwa nzima hufaidika zaidi na mashine ya mzunguko, hata kama ni ya polepole.

### Matokeo

Mawe hayaanguki, hivyo hayapati michubuko mingi, na umbo lake hubaki karibu lilivyokuwa. Kipande bapa hutoka bapa. Fuwele yenye pande zake za asili huendelea kuonyesha pande hizo, ila zikiwa zimelainika. Kaboshoni iliyochongwa kwa gurudumu hung'arishwa bila kuharibiwa umbo alilolitaka fundi. Lakini jiwe lililoingia na shimo hutoka na shimo linalong'aa.

## Tofauti kwa ufupi

* Umbo: mzunguko huliviringisha, mtetemo huliacha.
* Muda: mzunguko ni wiki nne au zaidi, mtetemo ni siku chache hadi wiki mbili.
* Kupungua kwa jiwe: ni kwingi katika mzunguko, kudogo katika mtetemo.
* Mawe ghafi yenye mashimo: mzunguko hufaa, mtetemo haufai.
* Mawe yanayopasuka kwa urahisi: mtetemo ni salama zaidi.
* Uangalizi: mzunguko ni mara moja kwa siku chache, mtetemo ni mara mbili kwa siku.
* Matumizi ya unga: ni makubwa katika mzunguko, madogo katika mtetemo.
* Bei ya mashine: mashine ndogo za mzunguko kwa kawaida ni nafuu kuliko za mtetemo.

## Ugumu wa mawe

Ugumu hupimwa kwa kipimo cha Mohs, kinachoanzia 1 (ulanga) hadi 10 (almasi). Jiwe lenye namba kubwa hukwaruza lenye namba ndogo. Mawe yanayotiwa pamoja yanapaswa kuwa na ugumu unaokaribiana. Akiki yenye ugumu wa 6.5 hadi 7 ikichanganywa na floriti yenye ugumu wa 4, floriti husagika na kwisha kabla akiki haijalainika.

Ugumu pekee hautoshi. Baadhi ya mawe magumu hupasuka kwa urahisi kwenye mstari fulani ndani ya fuwele, kama kuni inavyopasuka kwa kufuata nyuzi zake. Mawe ya namna hiyo huweza kustahimili kusuguliwa lakini yasistahimili kugongwa. Tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha mashine hizi mbili.

Nyufa pia huchunguzwa kabla ya kuanza. Jiwe lenye ufa mrefu hukatika ndani ya pipa, na kingo zake mpya zenye makali hukwaruza mengine. Likigundulika katika hatua za mwisho, hutolewa na kurudishwa hatua ya kwanza pamoja na kundi lingine.

## Mifano ya mawe ya Afrika Mashariki na Kati

Akiki, yaspi na kwatsi zina ugumu wa 6.5 hadi 7 na hazina mistari dhaifu ya kupasukia. Ndiyo mawe yanayofaa zaidi kwa mashine ya mzunguko, na anayeanza kujifunza hushauriwa kuanza nayo. Amethisto ni aina ya kwatsi, lakini vipande vyake mara nyingi vina nyufa za ndani, hivyo hutiliwa vigololi vya kauri au punje za plastiki ili kupunguza mapigo.

Krisopraso ya eneo la Haneti, mkoani Dodoma, Tanzania, ni ya jamii moja na akiki, na rangi yake ya kijani hutokana na nikeli. Hustahimili mashine zote mbili. Vipande vyenye rangi nzuri vina thamani, hivyo hukatwa na kuchongwa kwanza kwa gurudumu, kisha mtetemo hutumika kwa mng'aro pekee. Mabaki ya ukataji ndiyo hutiwa katika pipa.

Obsidiani hupatikana katika Bonde la Ufa nchini Kenya, hasa karibu na Naivasha. Ni kioo cha asili kilichotokana na volkeno, chenye ugumu wa 5 hadi 5.5. Katika pipa lisilo na vigololi vya kutosha, kila pigo huacha doa jeupe kama alama ya jiwe kwenye kioo cha gari, na uso wote hutoka na ukungu. Mashine ya mtetemo huepusha tatizo hilo kwa kiasi kikubwa.

Tanzaniti, inayochimbwa Mirerani mkoani Manyara na kujulikana tangu mwaka 1967, ina ugumu wa 6 hadi 7, karibu sawa na akiki. Mtu anayetazama namba ya Mohs peke yake anaweza kudhani kwamba hustahimili pipa vilevile. Lakini ina mstari wa kupasukia ulio wazi kabisa, na huvunjika kwa kugongwa au kwa mabadiliko ya ghafla ya joto. Tanzaniti yenye ubora wa kito haitiwi katika mashine ya mzunguko. Hukatwa moja moja na fundi wa vito. Kwa vipande hafifu visivyofaa kukatwa, njia isiyo na hatari kubwa ni mtetemo ulioanza na unga laini.

Anyoliti ya Longido, mkoani Arusha, ni jiwe la kijani lenye madoa mekundu. Kijani ni zoisiti yenye ugumu wa 6 hadi 7, na wekundu ni yakuti yenye ugumu wa 9. Jiwe moja lina ugumu wa aina mbili, na hakuna njia ya kuitenganisha. Likisagwa kwa muda mrefu, zoisiti huliwa na yakuti hubaki imechomoza kama vipele. Kadiri muda wa kusaga unavyokuwa mfupi ndivyo uso unavyobaki sawa, na hiyo ni hoja ya kutumia mtetemo baada ya jiwe kukatwa na kusawazishwa.

Malakiti ya Katanga, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ina ugumu wa 3.5 hadi 4. Pipa lenye unga wa namba 60 huimaliza haraka. Zaidi ya hayo ni madini ya shaba, na vumbi lake na tope lake ni sumu. Kwa kawaida huchongwa na kung'arishwa na mafundi kwa maji mengi, kipande kimoja kimoja.

Jiwe la sabuni la Tabaka, kaunti ya Kisii nchini Kenya, ni laini kiasi cha kuchongwa kwa kisu. Halitiwi katika mashine yoyote kati ya hizi mbili. Wachongaji hulilainisha kwa karatasi ya msasa na maji, kisha hulipaka nta.

## Umeme

Mashine zote mbili hufanya kazi mchana na usiku. Gharama ya umeme hutegemea nguvu ya mota na idadi ya siku. Kwa mfano, mota ya wati 40 inayofanya kazi siku 28 mfululizo hutumia takriban uniti 27. Mota ya mtetemo ya wati 100 inayofanya kazi siku 8 hutumia takriban uniti 19. Tofauti hiyo si kubwa kiasi cha kuamua uchaguzi. Kinachookolewa hasa na mtetemo ni muda.

Kukatika kwa umeme huathiri mashine hizi kwa namna tofauti. Pipa la mzunguko limefungwa na lina maji ya kutosha, hivyo likisimama kwa saa chache tope hutulia chini na huchanganyika tena umeme unaporudi. Katika bakuli la mtetemo, tope huwa zito na maji ni machache. Likisimama usiku kucha huweza kuganda na kushika mawe. Kabla ya kuiwasha tena, mawe hulegezwa kwa mkono na kuongezewa maji, ama huoshwa na kutiwa unga mpya.

Mashine nyingi hutengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani, ambako umeme ni wa volti 120 na hezi 60. Katika Afrika Mashariki umeme ni wa volti 230 hadi 240 na hezi 50. Transfoma hupunguza volti lakini haibadilishi hezi. Mota ya kawaida isiyo na brashi, iliyokusudiwa hezi 60, huzunguka polepole kwa karibu moja ya sita inapotumia hezi 50, na huweza kupata joto zaidi. Katika mashine ya mzunguko kasi iliyopungua huongeza siku tu. Katika mashine ya mtetemo hupunguza nguvu ya mtetemo wenyewe, na mawe huweza kuacha kutembea. Kwa hiyo maandishi yaliyo kwenye mota hukaguliwa kabla ya kununua, na zaidi kwa mashine ya mtetemo.

## Kutumia mashine zote mbili

Watu wengi wenye uzoefu huishia kuwa na mashine zote mbili. Mawe ghafi husagwa kwa namba 60/90 katika pipa la mzunguko hadi mashimo yaishe na umbo lipendeze. Hatua hiyo huchukua wiki moja, mbili au zaidi, na mawe yaliyo tayari hutolewa huku yaliyobaki yakirudishwa. Kisha mawe yaliyokamilika huhamishiwa katika mtetemo kwa hatua zilizobaki, ambazo humalizika kwa takriban wiki moja. Wakati huo pipa la mzunguko linakuwa limeshaanza kundi jingine.

Kwa anayenunua mashine moja tu, malighafi yake ndiyo huelekeza. Aliye na mawe ya kuokota, yenye kingo na ganda, huhitaji mzunguko. Aliye na vipande vilivyokwisha kukatwa au kuchongwa, au mawe yaliyokwisha kulainishwa na maji ya mto, hufaidika na mtetemo. Aliye na kito kimoja chenye thamani hahitaji mashine yoyote kati ya hizo, bali fundi.

## Kupima matokeo

Jiwe hupimwa likiwa kavu. Maji hujaza mikwaruzo midogo na kulifanya jiwe lolote lionekane linang'aa. Kwa hiyo mwisho wa kila hatua kipande kimoja huoshwa, hukaushwa kwa kitambaa na kutazamwa kwenye mwanga wa pembeni. Baada ya namba 500 jiwe linapaswa kuwa laini kama kauri isiyo na mng'aro, bila mkwaruzo unaoonekana kwa macho. Mikwaruzo ikionekana, hurudishwa hatua moja nyuma. Unga wa kung'arisha utaonyesha mikwaruzo hiyo wazi zaidi.

Mwishoni mawe huzungushwa tena kwa saa kadhaa katika maji na sabuni kidogo isiyo kali, ili kuondoa mabaki ya unga yaliyonasa katika vijishimo.

## Usalama na taka

Vumbi la mawe yenye silika huharibu mapafu na husababisha ugonjwa wa silikosisi, ambao hauna tiba ya kuuponya. Mawe yakiwa ndani ya maji hayatoi vumbi. Hatari hutokea mtu anapokata mawe makavu, anapomimina unga mkavu, au anapoacha tope likauke sakafuni na kulifagia. Tope hufutwa likiwa bichi, na barakoa ya kuzuia vumbi huvaliwa wakati wa kumimina unga.

Tope halimwagwi katika sinki wala bomba la maji machafu. Hutulia katika mabomba na kuganda kama saruji. Huachwa katika ndoo hadi maji yatengane, kisha tope lililobaki hukaushwa ndani ya mfuko na kutupwa. Tope la malakiti na madini mengine ya shaba halimwagwi shambani wala karibu na kisima.

Baadhi ya mawe hutoa gesi yanaposagwa, na pipa lililofungwa kabisa huvimba au kufyatua kifuniko. Katika siku za kwanza pipa hufunguliwa mara moja kwa siku ili gesi itoke. Watumiaji wengine huongeza kijiko cha bikaboneti ya soda pamoja na unga.

Mashine huwekwa mahali penye hewa, mbali na vyumba vya kulala na pasipofikiwa na watoto, juu ya beseni la kupokea maji endapo pipa litavuja. Mota hutiwa mafuta kadiri mtengenezaji anavyoelekeza, kwa kuwa hufanya kazi kwa wiki nyingi bila kupumzika.

## Tazama pia

* Akiki
* Kipimo cha Mohs
* Kito
* Kwatsi
* Tanzaniti